Miaka ya Kungoja: Kilichosahauliwa na Riwaya za Ukuta wa Berlin

Kuanzia tarehe 23 Agosti 1961, mkazi wa Hamburg au Munich mwenye shangazi Berlin Mashariki aliweza kusafiri hadi mjini humo, akaonyesha hati zake za Ujerumani Magharibi kwenye kivuko alichopangiwa, akapewa kibali cha siku moja na kwenda kumjulia hali. Mkazi wa Berlin Magharibi, hata kama nyumba yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwa shangazi huyo huyo, alirudishwa. Aliyetoka mbali mamia ya kilomita aliingia. Jirani alibaki nje. Ukiondoa vipindi vifupi vya nafuu, hali hiyo ilidumu karibu miaka kumi na moja. Kila familia ya Berlin iliijua, kwa sababu ndiyo iliyopanga nani atahudhuria arusi na nani atakosa maziko. Lakini msomaji wa riwaya za kihistoria kuhusu mji huo anaweza kumaliza vitabu vingi bila kukutana nayo. Atakutana na mahandaki, na taa za doria, na kijana anayekimbia gizani huku risasi zikimfuata. Ninachodai hapa ni kwamba riwaya ya familia zilizotenganishwa na Ukuta wa Berlin imeuweka uzito mahali pasipo pake. Imekitukuza kitendo cha kutoroka na kuipita kwa haraka miaka ya kungoja, ilhali ni katika kungoja huko ndipo undugu ulipochakaa hadi kukatika.

Tukio lenyewe linajulikana. Tangu mwaka 1949 watu wapatao milioni 2.7 walikuwa wameihama Ujerumani Mashariki, wengi wao wakipitia Berlin, kwa kuwa humo mpaka kati ya kanda za washindi wa vita ulikuwa bado unavukika kwa treni ya mjini. Katikati ya Juni 1961 Walter Ulbricht, kiongozi wa Mashariki, aliwaambia waandishi wa habari kuwa hakuna aliyekuwa na nia ya kujenga ukuta. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 13 Agosti, chini ya uratibu wa Erich Honecker, aliyekuja baadaye kumrithi Ulbricht, askari na wanamgambo walitandaza seng'enge, wakachimbua barabara na kusimamisha treni. Wakati huo maelfu ya watu walikuwa wakiishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi zao. Katika Bernauer Straße nyumba za upande mmoja wa mtaa zilikuwa za Mashariki, na njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya milango yake ilikuwa ya Magharibi, hivyo mtu alibadilisha dola kwa kuvuka kizingiti. Milango ikapigiliwa misumari, madirisha yakajengewa matofali, na waliowahi kabla ya matofali waliruka. Mmoja wao, Ida Siekmann, alikufa tarehe 22 Agosti, akiwa wa kwanza kupoteza maisha kwenye mpaka huo. Siku mbili baadaye Günter Litfin alipigwa risasi. Kadiri miaka ilivyopita seng'enge zikawa zege, zege ikaongezewa ukanda wa mchanga, minara na mbwa, hadi kizuizi kizima kilichoizunguka Berlin Magharibi kikafikia urefu wa kilomita 155 hivi, ambapo kilomita 43 zilipita katikati ya mji.

Kwa mtunzi anayetafuta kisa, siku zile za Agosti ni hazina, na hakuna wa kumlaumu kwa kuanzia hapo. Tatizo ni mahali anapoelekea. Mfano mzuri ni riwaya ya vijana ya Jennifer A. Nielsen iitwayo A Night Divided, iliyotoka mwaka 2015. Baba na mtoto mmoja wa kiume wamekwama Magharibi, mama amebaki Mashariki na watoto wengine wawili, na binti wa familia anaanza kuchimba handaki. Ni kitabu kilichoandikwa kwa ufundi na kimewafikisha wasomaji wengi wadogo kwenye historia hii. Mahandaki yenyewe yalikuwapo kweli: Septemba 1962 watu 29 walipita katika moja, na Oktoba 1964 watu 57 walitambaa katika jingine, lililoanzia Bernauer Straße. Ila tuziweke hesabu mezani. Waliofaulu kuuvuka Ukuta wa Berlin kwa kutoroka, kwa miaka yote 28, wanakadiriwa kuwa kama 5,000. Berlin mbili kwa pamoja zilikuwa na wakazi zaidi ya milioni tatu. Kwa hiyo karibu kila familia iliyokatwa vipande ile Jumapili haikuchimba, haikuruka wala haikuogelea. Ilikaa. Riwaya inayodai kutuonyesha maisha ya familia za mji uliogawanywa, kisha ikamchagua kila mara yule mmoja aliyetoroka, inatuonyesha maisha ya watu wachache sana na kuyaita ya wote.

Tuangalie basi kilichowapata waliokaa, kwa sababu kuna kalenda, na kalenda hiyo ina mambo mengi kuliko wanavyodhani watunzi. Kwa miezi 28 ya mwanzo mkazi wa Berlin Magharibi hakuweza kabisa kwenda kuwaona nduguze Mashariki. Simu hazikuwapo pia, kwani nyaya kati ya pande mbili za mji zilikuwa zimekatwa tangu mwaka 1952, na hazikuunganishwa tena hadi Januari 1971, tena kwa laini chache mno. Tarehe 17 Desemba 1963 yakafikiwa makubaliano ya vibali vya Krismasi. Kuanzia tarehe 19 Desemba hadi tarehe 5 Januari, mkazi wa Magharibi mwenye ndugu wa karibu Mashariki aliweza kuomba kibali cha siku moja na kurejea kabla ya siku kwisha. Watu walipanga foleni kwenye baridi, wengine kwa saa nyingi, mbele ya kumbi za shule ambamo watumishi wa posta wa Mashariki walipokea fomu. Nani ni ndugu wa karibu? Orodha iliandikwa: wazazi, watoto, babu na bibi, wajukuu, ndugu wa kuzaliwa, shangazi na wajomba, wapwa, na wenzi wao wa ndoa. Mchumba hakuwamo, wala rafiki wa kufa na kuzikana. Mtu aliyekuwa amepanga kufunga ndoa Septemba 1961 alikuwa, mbele ya dirisha lile, si ndugu wa yeyote. Hata hivyo watu wapatao 700,000 walivuka, na kwa kuwa wengi walikwenda zaidi ya mara moja, safari zilihesabiwa kuwa milioni 1.2. Katika mji wa ukubwa ule, idadi hiyo inaeleza zaidi juu ya undugu kuliko visa vyote vya mahandaki vikijumlishwa.

Kisha dirisha likafunguliwa na kufungwa mara kadhaa: mwishoni mwa 1964, kwenye Pasaka na Pentekoste ya 1965, Krismasi iliyofuata, na mara ya mwisho Pasaka na Pentekoste ya 1966. Baada ya hapo hapakuwa na makubaliano mapya. Kwa miaka sita ilibaki ofisi ya dharura za kifamilia, ambako mtu alikwenda akiwa na cheti cha daktari au taarifa ya kifo. Upande wa Mashariki nao ulikuwa na mlango wake mdogo: kuanzia Novemba 1964 wastaafu, yaani wanawake waliotimiza miaka 60 na wanaume waliotimiza 65, waliruhusiwa kwenda Magharibi kuwatembelea ndugu mara moja kwa mwaka kwa muda usiozidi wiki nne. Dola ilikuwa na hesabu yake: mzee asiyezalisha tena akiamua kutorudi, hasara ni ya atakayemlipa pensheni. Mwaka 1972, baada ya mkataba wa madola manne yaliyoshinda vita, wakazi wa Berlin Magharibi wakapata hatimaye haki ya kutembelea Mashariki hadi siku 30 kwa mwaka. Lakini kila siku ya ziara ilikuwa na kiingilio, kwa sababu mgeni alilazimishwa kubadilisha fedha za Magharibi kwa kiwango cha serikali, na Oktoba 1980 kiwango hicho kilipandishwa hadi marki 25 kwa mtu mzima kwa siku. Ziara zikapungua mara moja. Kwa familia ya kipato cha chini yenye watoto, ziara ya mwisho wa wiki ikageuka jambo la kukaa chini na kupiga hesabu.

Mtunzi akiichukua kalenda hii kwa uzito, wahusika wataanza kusogea wenyewe. Chukua mtoto aliyezaliwa Berlin Magharibi mwanzoni mwa 1962, na bibi yake yuko Mashariki, hajafikia umri wa kustaafu. Atamwona kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa karibu miaka miwili, kwa siku moja. Atamwona tena akiwa na mitatu, na mara ya mwisho akiwa na minne, umri ambao kumbukumbu ndipo zinaanza kushika. Watakapokutana tena kwa utaratibu wa kawaida, ana miaka kumi, anasoma, ana marafiki zake na lafudhi yake, na yule mwanamke anayelia mlangoni ni mgeni anayepaswa kukumbatiwa. Hapakuwa na askari aliyefyatua risasi katika kisa hicho. Hapana hata neno baya lililosemwa. Ila wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo, na dola ya Ulbricht na Honecker ililitumia jambo hilo kwa ukamilifu: ilihakikisha mtu hayupo, muda ukafanya kazi iliyobaki. Vifurushi vya kahawa, chokoleti na soksi vilivyovuka kwa mamilioni kila mwaka kutoka Magharibi, kila kimoja kikiwa kimeandikwa juu yake kuwa ni zawadi na si bidhaa, vilikuwa upendo wa kweli, na papo hapo viliwazoesha ndugu wawili kuwa mmoja ni mtoaji na mwingine ni mpokeaji. Desturi hiyo ikidumu miaka 20, shukrani huanza kuwa na kinyongo ndani yake. Riwaya nzima inaweza kukaa ndani ya barua moja ya kuomba kahawa.

Mji wenyewe uliongeza mateso yake, na haya nayo hayahitaji kubuniwa. Treni za njia mbili za chini ya ardhi za Magharibi zilipita chini ya Berlin Mashariki bila kusimama katika vituo vingi vya huko. Abiria aliona kwa sekunde chache vituo vyenye giza na walinzi wenye silaha, halafu akaibukia tena upande wake. Mwana angeweza kupita kila asubuhi, akienda kazini, chini ya mtaa ambao mama yake alikuwa akinunulia mkate. Makaburi yaliyokuwa karibu na mpaka yaliingizwa katika eneo la ulinzi. Mjane wa Mashariki alihitaji kadi maalumu ili aende kwenye kaburi la mumewe, na katika makaburi ya Sophien kando ya Bernauer Straße sehemu ya wafu walifukuliwa na kuhamishwa ili kupisha ukanda wa ulinzi. Karibu na hapo kanisa la Upatanisho lilikaa katikati ya ukanda bila waumini hadi lilipolipuliwa Januari 1985. Kwenye stesheni ya Friedrichstraße ukajengwa mwaka 1962 ukumbi wa kioo wa kuwaagia wageni waliokuwa wakirudi Magharibi, nao wenyeji wakauita Jumba la Machozi. Leo ni makumbusho. Watunzi wengi humpitisha mhusika wao hapo mara moja, kwenye sura ya kuagana. Uhalisi wake uko katika kurudia: kuagana pale mwezi Machi, na Juni, na Desemba, hadi kilio kinakuwa sehemu ya ratiba.

Fasihi ya Kijerumani yenyewe ililiona jambo hili mapema. Christa Wolf, akiandika Mashariki, alichapisha Der geteilte Himmel mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Ukuta, na mhusika wake Rita hakatazwi na bunduki: anakwenda Berlin Magharibi kumwona mpenzi wake Manfred siku chache kabla ya mpaka kufungwa, anaweza kubaki, na anachagua kurudi. Uwe Johnson, aliyekuwa amehamia Berlin Magharibi mwaka 1959, alitoa Zwei Ansichten mwaka 1965. Humo muuguzi wa Mashariki anatoroka kwa msaada wa wanafunzi, anamfikia mwanamume aliyekuwa akimsubiri, na hawaoani. Huo ni ujasiri mkubwa wa kisanaa, kumpa msomaji kutoroka kulikofaulu kisha kumwonyesha kwamba waliokutana tena si wale walioachana. Julia Franck naye, katika Lagerfeuer ya mwaka 2003, anaanzia mahali ambapo wengine humalizia: mama ameshavuka na watoto wake wawili, yuko katika kambi ya wakimbizi ya Marienfelde huko Berlin Magharibi, na anangoja tena, safari hii akihojiwa na maofisa wa upande aliouita huru. Vitabu hivi vitatu havilingani kwa mtazamo wala kwa siasa. Vinachoshirikiana ni kukataa kuifanya zege iwe mhusika pekee mwenye hatia au uzito.

Zipo hoja dhidi ya msimamo huu, na ya kwanza inagusa heshima ya wafu. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin au kwa sababu yake. Peter Fechter, kijana wa miaka 18, aliachwa akivuja damu chini ya Ukuta tarehe 17 Agosti 1962 mbele ya macho ya pande zote mbili. Je, kuwaambia watunzi waache risasi na waandike juu ya foleni si kuwasahau hao? Ningekubali, kama hesabu ya wafu ingekuwa na watorokaji peke yao. Haina. Katika mto Spree, kwenye ukingo wa Kreuzberg, maji yote hadi ukingo wa Magharibi yalikuwa mali ya Mashariki. Kati ya 1966 na 1975 watoto watano wa Berlin Magharibi walitumbukia na kuzama pale, waokoaji wa Magharibi wakiwa hawana ruhusa ya kuingia majini. Baadhi yao walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Uturuki na Italia, watu ambao ugomvi wa Wajerumani haukuwahusu. Makubaliano ya uokoaji yalipatikana mwishoni mwa 1975. Tena watafiti wa kumbukumbu za Ukuta wamehesabu wasafiri wasiopungua 251 waliofariki wakati wa ukaguzi kwenye vivuko vya Berlin au baada tu ya kupita, wengi wao kwa mshtuko wa moyo. Hao walikuwa na vibali. Walikuwa wazee wenye mikoba ya zawadi, wamesimama mbele ya ofisa mwenye muhuri. Idadi yao ni kubwa kuliko ile ya kwanza ya 140, na bado dirisha la ukaguzi halijapata nafasi yake katika hadithi zetu kama mahali pa kufia.

Hoja ya pili ni ya kifundi: kungoja hakuna msuko. Msomaji ataifunga riwaya ya foleni na fomu kabla ya ukurasa wa hamsini. Jibu langu ni kisa kimoja kilichosimuliwa na Anna Funder, mwandishi wa Australia, katika Stasiland, kitabu chake ambacho si cha kubuni. Mtoto mchanga wa Berlin Mashariki, mgonjwa tangu kuzaliwa, alikuwa akitibiwa katika hospitali ya Berlin Magharibi baada ya Ukuta kujengwa. Wazazi hawakuruhusiwa kwenda kukaa naye. Mama alipokamatwa kwa kujaribu kuvuka, wapelelezi walimwahidi kumwona mwanawe iwapo angesaidia kumnasa mwanafunzi wa Magharibi aliyekuwa akiwavusha watu. Alikataa. Mtoto alirudishwa nyumbani akiwa na takriban miaka mitano, akiwa hawajui waliomzaa. Mwenye kusema kuwa hapo hamna msuko anatafuta kelele. Mwanamke huyo alikuwa na mambo mawili mema mbele yake, mwanawe na dhamiri yake, na dola ikamlazimisha achague moja. Kutoroka humweka mhusika mbele ya hatari. Kungoja humweka mbele ya uchaguzi, tena si mara moja: kila mwaka anaulizwa upya kama atajiunga na chama, kama ataacha kumwandikia kaka yake barua, kama ataweka saini ili binti yake aingie chuo.

Wako pia wanaohofu kwamba riwaya ya maisha ya kila siku itaipaka dola ile rangi nzuri, kwa kuwa itabidi ionyeshe na siku za furaha, harusi na bustani za mboga. Hofu hii ina msingi, na Christa Wolf mwenyewe ni ushahidi wake: mwaka 1993 ilijulikana kuwa kati ya 1959 na 1962 aliwahi kutoa habari kwa idara ya usalama ya Mashariki, maarufu kama Stasi. Lakini utaratibu wa vibali, ukielezwa kwa usahihi, unashtaki kuliko tusi lolote. Kuanzia 1972 raia wa Mashariki asiyefikia umri wa kustaafu aliweza kuomba kwenda Magharibi kwa arusi, kifo au ugonjwa mkubwa wa ndugu. Kwa kawaida mumewe au mkewe na watoto walibaki nyumbani, na kila mtu alijua wamebaki kama dhamana. Wafungwa wa kisiasa 33,000 hivi walikombolewa na serikali ya Ujerumani Magharibi huko Bonn kwa fedha na bidhaa kati ya 1963 na 1989, na kesi zipatazo 250,000 za kuunganisha familia zikapita katika mkondo huo huo wa malipo, wakili Wolfgang Vogel akiwa mjumbe mkuu wa Mashariki. Dola iliyowauza raia wake kwa orodha haihitaji mtunzi aongeze chumvi. Tena usahihi huo utamfanya mtunzi mwaminifu aseme na jambo ambalo Magharibi haikupenda kulisikia. Sehemu ya kucheleweshwa kwa vibali ilitokana na hofu ya Magharibi kwamba kukaa mezani na Mashariki ni kuitambua kuwa dola. Willy Brandt, meya wa Berlin Magharibi, alishambuliwa na wapinzani wake kwa kukubali mazungumzo, na hati ya Desemba 1963 ililazimika kuandikwa ndani yake kwamba pande mbili hazikuweza kukubaliana juu ya majina ya mahali, ya mamlaka na ya ofisi. Krismasi ya bibi ilining'inia kwenye cheo kitakachoandikwa chini ya saini.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ile ya wanahistoria: nyaraka zipo, mashahidi wapo, ya nini kubuni? Stasi peke yake iliacha nyaraka ambazo zikipangwa kwenye rafu zinafika kilomita 111, na tangu Januari 1992 watu wanaruhusiwa kusoma majalada yao. Ni kweli, na mtunzi asiyeyasoma hana udhuru. Ila majalada yana kasoro ya kuzaliwa nayo: yaliandikwa na waviziaji. Askari Egon Schultz alipouawa usiku wa handaki la 1964, Mashariki ilimtangaza shujaa aliyeuawa na majambazi wa Magharibi, ilhali wakubwa walijua kuwa risasi iliyomuua ilitoka kwenye bunduki ya askari mwenzake. Ukweli huo ulijulikana kwa umma baada ya Ukuta kuanguka. Barua za familia nazo zina upungufu wao. Ziliandikwa na watu waliojua kuwa zitafunguliwa njiani, kwa hiyo zinazungumzia hali ya hewa na afya, na lililo kubwa halimo. Hapo ndipo riwaya inapopata haki yake. Inaruhusiwa kubuni kile ambacho dada alikiacha kwenye barua, kwa kuwa hakuna jalada litakalokitoa. Hairuhusiwi kumtoa dada huyo Berlin Magharibi na kumpeleka Mashariki kwa chai mwaka 1968, wakati hapakuwa na kibali cha chai. Uhuru wa mtunzi uko moyoni mwa mhusika, na kalenda ni mali ya waliopitia.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulidai hilo, kwani ugomvi wa Berlin ulimfikia mlangoni. Zanzibar ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964. Baada ya Muungano suala hilo likazua mgogoro na Bonn, ambayo ilikuwa ikiwaadhibu waliomtambua mpinzani wake, na mwaka 1965 Bonn ilipoondoa msaada wa kijeshi, Mwalimu Nyerere akakataa na misaada yake mingine. Majengo ya Kikwajuni na Michenzani yana mkono wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Abdulrazak Gurnah, katika By the Sea ya mwaka 2001, anampeleka kijana wa Kizanzibari kusoma Ujerumani Mashariki, na kutoka huko anavuka kwenda Magharibi na hatimaye Uingereza, akiiacha nyuma familia ambayo hatairudia. Kuvuka kwenyewe hakupewi mbwembwe katika kitabu hicho. Uzito wote umewekwa kwenye yale yanayobaki baadaye: nyumba iliyogombewa, deni, baba na mama waliobaki wakizeeka bila habari za mtoto wao. Kwa maoni yangu Gurnah ameelewa utengano wa familia kuliko waandishi wengi waliozaliwa karibu na Ukuta wenyewe, na si ajabu, kwa kuwa visiwani mwaka 1964 uliwagawa ndugu wengi bila tofali moja kujengwa.

Linabaki suala la mwisho wa hadithi. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, baada ya Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Mashariki, kukoroga tangazo la kanuni mpya za usafiri mbele ya waandishi, umati ulijaa kwenye kivuko cha Bornholmer Straße na Harald Jäger, ofisa wa zamu, akafungua. Machozi ya usiku huo yalikuwa ya haki na sioni sababu ya kuyapunguza. Lakini riwaya inayomalizia hapo inawaacha ndugu kabla hawajaanza kuzungumza. Mwaka 1992 mwanasiasa Vera Lengsfeld, wakati huo akiitwa Wollenberger, aligundua kupitia jalada lake kwamba aliyekuwa akipeleka habari zake Stasi ni mumewe. Wengine walikuta majina ya kaka, ya wakwe, ya rafiki aliyesimamia ndoa. Na kabla ya majalada yalikuja madai ya mali. Sheria za muungano wa Ujerumani wa mwaka 1990 ziliweka kanuni kuwa mali irudishwe kwanza kwa mwenyewe, fidia ifuate pale tu isipowezekana, na madai zaidi ya milioni mbili yakawasilishwa. Nyumba za waliotoroka zilikuwa zimewekwa chini ya usimamizi wa serikali, zikapangishwa au zikauzwa kwa waliobaki. Miaka 30 ya kupaka rangi, kubadilisha mabomba na kupanda miti haikuwa hati ya umiliki. Mjomba aliyekuwa akituma kahawa kila Desemba aliweza sasa kuja na wakili. Wapwa zake, waliomwandikia barua za shukrani tangu utotoni, walipaswa kumjibu, safari hii bila mtu wa kufungua bahasha njiani. Wangemwandikia nini, na kwa sauti ipi, baada ya kuzoea kwa miaka yote hiyo kutokusema? Sura hiyo bado inahitaji waandishi, na walioishi katika nyumba hizo wanaendelea kuzeeka.